Breki za rimu au za diski kwa baiskeli iliyofungwa mota? Barabara ni za Malindi: tambarare, mchanga na chumvi

MkaaziWaMuyeye:

Salaam kwenu nyote. Nimewauliza mafundi wawili hapa mjini swali moja, nami nimepata majibu mawili yasiyoweza kukaa chungu kimoja, ndiyo maana nimelileta hapa kabla sijatoa pesa.

Baiskeli yangu ni ya mtumba, magurudumu ya inchi 26, fremu ya aluminiamu, foki ya springi mbele, breki za V (zile za rimu, zinazobana rimu kwa raba pande mbili) mbele na nyuma. Kila siku ya kazi hutoka Muyeye nikaenda Gede na kurudi, na kila upande ni kama kilomita 15. Mwezi uliopita niliifunga mota ya habu, yaani iliyokaa katikati ya gurudumu penye ekseli, kwenye gurudumu la nyuma, ya wati 500, pamoja na betri ya volti 48 iliyokaa juu ya bomba la chini la fremu. Mota na betri vimeongeza kilo 8 hivi. Mimi mwenyewe nina kilo 78, mkoba wa kazi pamoja na maji ya kunywa ni kilo 9, na baiskeli kabla ya mota ilikuwa kilo 15. Zamani nikiwa na haraka nilikwenda kilomita 20 kwa saa. Sasa lami ikiwa wazi nafika 35 bila kutokwa na jasho.

Kilichonitia hofu kilitokea Jumanne. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika muda si mrefu, na nilipokaribia makutano ya Gede tuktuk iliyokuwa mbele yangu ikasimama ghafla kumchukua abiria. Nilibana mikono yote miwili ya breki mpaka ikakaribia kugusa usukani, lakini magurudumu yalizunguka mara mbili au tatu nisihisi chochote, kana kwamba nimekamata sabuni. Kisha breki zikashika kwa mpigo mmoja, gurudumu la nyuma likaserereka, nami nikasimama ubavuni mwa tuktuk nikiwa nimeshikilia nguzo ya turubai lake. Abiria alicheka. Mimi sikucheka.

Fundi wa kwanza ameniambia nitoe breki za V zote, niweke diski (breki inayobana sahani ya chuma iliyofungwa kwenye habu) mbele na nyuma, la sivyo nisipande tena. Wa pili amesema diski ni mapambo ya watu wa milimani, kwamba hapa hatuna mteremko hata mmoja wa kuzihitaji, na kwamba hewa ya chumvi itazila kabla mwaka haujaisha. Nimsikilize yupi?


FundiMaweni:

Ndugu Mkaazi, pole kwa yaliyokukuta. Kabla hatujaanza kubishana, nenda kaitazame baiskeli yako, kwa sababu mara nyingi jibu la swali hili limekwisha kutolewa na kiwanda kilichotengeneza fremu, na sisi mafundi tunapiga kelele bure. Tazama mguu wa kushoto wa foki, upande wa nyuma, juu kidogo ya ekseli: je, kuna masikio mawili yenye matundu ya bolti? Kisha tazama nyuma, pembe ya kushoto ambapo mabomba mawili ya fremu hukutana penye ekseli: je, napo kuna masikio kama hayo? Mwisho tazama habu ya mbele, ubavu wa kushoto: je, kuna uso bapa wenye matundu sita ya bolti yaliyozunguka? Tuandikie ulichokiona.

Tukisubiri majibu yako, niseme neno juu ya hao mafundi wawili, kwa kuwa kila mmoja ameshika nusu ya ukweli.

Watu hudhani breki ya V ni dhaifu na ya diski ni kali. Ukifikiri vizuri, rimu yenyewe ni diski kubwa. Kwenye gurudumu la inchi 26, raba ya breki ya V hushika rimu umbali wa sentimita 27 hivi kutoka katikati ya ekseli, ilhali kwenye diski ya milimita 160 pedi hushika umbali wa sentimita 7 tu. Maana yake ni kwamba pedi ya diski inabidi ivute kwa nguvu karibu mara nne ya raba ili gurudumu lisimame sawasawa. Kwa hiyo siku ya jua, kwenye rimu ya aluminiamu iliyo safi na raba nzuri, breki ya V iliyofungwa vyema inaweza kuligandisha gurudumu la nyuma bila taabu, na yeyote anayebisha naomba aje karakana tujaribu.

Udhaifu wake ni makazi. Rimu inaishi karibu na ardhi, ndani ya maji na mchanga. Mvua ikinyesha, raba ni lazima kwanza ipanguse maji kwenye rimu ndipo ishike, na kule kuzunguka mara mbili au tatu ulikohisi ndiko kupangusa kwenyewe. Katika mwendo wa 20 hilo ni jambo la kuudhi. Katika mwendo wa 35 tairi la inchi 26 husafiri mita 2 kwa kila mzunguko, na mizunguko mitatu ni mita 6 zilizokwenda bure.

Mchanga nao ni habari nyingine. Fanya hivi leo jioni: fungua raba moja ya nyuma, igeuze kwenye mwanga wa jua, uipekue kwa ncha ya kisu. Utaona chembe zinazometameta. Baadhi ni mchanga wa kawaida, lakini nyingine ni vijipande vya aluminiamu vilivyokwanguliwa kwenye rimu yako mwenyewe, vikajichimbia ndani ya raba, na sasa vinaikwangua rimu kama tupa. Ule mlio wa krrr unaousikia ukikaribia kusimama ndio huo. Vitoe kimoja kimoja, paka raba msasa, uirudishe.

Na hapa ndipo mota inapobadilisha hesabu. Rimu inayoliwa na breki ni kitu cha kutupwa siku moja. Rimu nyingi zina mfereji mwembamba au kidoti ubavuni cha kuonyesha ulaji, na kikifutika rimu imekwisha. Kwenye gurudumu la kawaida unanunua lingine. Kwenye gurudumu la mota unanunua rimu, unatafuta spoki fupi na nene zinazolingana na mota, kisha unamlipa mtu wa kulisuka upya. Hiyo ndiyo gharama ambayo watu hawaihesabu wanaposema breki za V ni rahisi.


BabuMamba:

Miaka thelathini napanda mamba nyeusi, ile baiskeli ya zamani yenye breki za fito badala ya waya, nimebeba gunia la mkaa, nimebeba bibi harusi, nimebeba mbuzi wawili kwa pamoja. Sijawahi kumgonga mtu. Tatizo si breki, vijana. Tatizo ni 35. Pandeni 15 mtafika.


MwalimuWaFizikia:

Shikamoo Babu. Kwa kweli Babu amesema jambo lililo sahihi kuliko anavyodhani, nami naomba niliweke kwa tarakimu.

Kazi ya breki ni kuigeuza nguvu ya mwendo kuwa joto, na nguvu hiyo ni nusu ya uzito zidisha kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Mwendo ndio unaozidishwa mara mbili. Uzito, mara moja tu. Ndugu Mkaazi alipokuwa na kilo 102 kwa jumla na mwendo wa kilomita 20 kwa saa, breki zake zilikuwa na kazi ya kumeza jouli 1,570 hivi. Sasa ana kilo 110 na mwendo wa 35: jouli 5,200. Ameongeza kilo 8 tu, lakini kazi ya breki imekuwa zaidi ya mara tatu, na karibu ongezeko lote limeletwa na mwendo.

Umbali wa kusimama nao hufuata kanuni hiyohiyo. Tuseme breki zote mbili ni nzuri na barabara ni kavu, kwa hiyo mwendo unapungua mita 4 kwa sekunde katika kila sekunde. Kutoka 20 atasimama ndani ya mita 4. Kutoka 35 atahitaji karibu mita 12, na kabla ya hizo ameshasafiri mita nyingine 10 katika sekunde moja ya kushtuka na kukunja vidole.

Akitumia breki ya nyuma peke yake mambo huwa mabaya zaidi. Unapofunga breki uzito hukimbilia mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, nalo huserereka mapema hata breki iwe ya aina gani. Kwa kupungua mita 2.5 tu, kutoka 35 anahitaji mita 19. Kwa sababu hiyo ningependa swali la mleta uzi libadilike kidogo: asiulize kwanza rimu au diski, bali aulize gurudumu la mbele litapata breki gani. Nyuma hata breki dhaifu inatosha kulifikisha gurudumu kwenye mpaka wake.


KretiYaMambrui:

Mimi nachukua samaki Mambrui alfajiri, navuka daraja la Sabaki, nawapelekea mama karanga wa Kisumu Ndogo kabla mafuta hayajapata moto. Baiskeli yangu ya umeme ilikuja na diski mbele na nyuma tangu dukani, kwa hiyo nawapa habari za upande wa pili.

Ya mbele sina la kulalamikia. Ya nyuma ilinitesa miezi miwili. Ilikuwa inapiga ukelele wa kuamsha mtaa na haishiki kabisa, na kila fundi aliyeiona alikaza waya tu. Siku moja nikiwa nimeegesha kivulini niliona tone likidondoka kutoka pembe ya kreti: maji ya barafu yaliyochanganyika na mafuta ya samaki, yanashuka kwenye waya wa kreti, yanatua juu ya diski. Pedi za diski zikishanywa mafuta hazifai tena. Nilizipaka msasa, nikazichoma juu ya jiko, nikaziosha kwa sabuni; zilishika siku mbili zikarudia hali yake. Mwishowe nilinunua mpya, diski nikaipangusa kwa spiriti, kreti nikaiwekea sinia chini. Pedi zenyewe ilibidi niziagize kutoka Mombasa, kwa kuwa maduka ya hapa yana raba za breki za V kila kona lakini pedi za diski zipo za aina moja mbili tu, na umbo lazima lifanane na kalipa yako, yaani kile kibanio kinachoshika pedi.

Kwa hiyo anayebeba samaki, au anayependa kumiminia mnyororo mafuta ovyo, afikirie mara mbili kuweka diski nyuma.


FundiMaweni:

Bi Kreti amesema kweli tupu. Nami niongeze kwa Babu, kwa heshima zote: mamba nyeusi isifungwe mota kabla breki zake hazijabadilishwa. Rimu zake ni chuma kilichopakwa kromu, na kromu ikilowa raba huteleza juu yake vibaya sana kuliko juu ya aluminiamu. Kwa mwendo wa 15 na mguu wa kusaidia chini, sawa. Kwa mota, hapana. Nimeshawakatalia wateja watatu.


BabuMamba:

Mguu wa kusaidia haujawahi kuisha pedi.


MkaaziWaMuyeye:

Ahsanteni. Nimeikagua baiskeli na mwanangu akanimulikia tochi. Foki ina masikio mawili upande wa kushoto kama ulivyosema, yamezibwa kwa rangi. Fremu nyuma haina kitu, ni bomba tupu. Habu ya mbele haina matundu sita. Raba za nyuma nimezipekua: nimetoa vipande vinne vya aluminiamu, kimoja kirefu kama punje ya mchele, na rimu ya nyuma ina mfereji mmoja wa kuhisika kwa ukucha. Gurudumu hili lina mwezi mmoja tu tangu lianze kazi.

Mota ina matundu sita ya diski ubavuni. Je, fundi wa kuchomea anaweza kunipachikia masikio kwenye fremu nyuma, nikaweka diski kote?


FundiMaweni:

Usichomee. Fremu yako ni aluminiamu, na aluminiamu ya fremu hupata ugumu wake kwa kupikwa kiwandani baada ya kuchomewa. Ukiipasha moto tena mahali pamoja unailainisha palepale ambapo breki itakuwa ikivuta. Hata ingekuwa ya chuma, lile bomba jembamba halikutengenezwa kubeba msukumo wa kalipa upande mmoja. Kuna vipachiko vya kufunga kwa nati, vinavyouzwa kwa ajili ya fremu zisizo na masikio. Nimeviona vimegeuka na kuingia kwenye spoki. Kwenye gurudumu lenye mota sitaki hata kulifikiria.

Isitoshe, matundu sita kwenye mota hayamaanishi kwamba kalipa itaenea. Gamba la mota ni pana, na kwenye mota nyingi kalipa hukwaruza gamba hilo mpaka uweke pete nyembamba za chuma chini ya diski ili kuisogeza nje, kisha uanze kuipanga kalipa upya. Inawezekana, lakini ni kazi ya mchana mzima hata kwenye fremu iliyo na masikio.

Kwa baiskeli yako ningefanya hivi: diski mbele, breki ya V ibaki nyuma. Foki imekwisha kukuruhusu. Utahitaji gurudumu la mbele lenye habu ya matundu sita. Ukilisuka, hakikisha spoki zimepishana, kwa sababu breki ya diski huivuta habu kwanza na ni spoki zinazofikisha mvuto huo kwenye rimu. Spoki zilizonyooka moja kwa moja kutoka habu hazifai kwa kazi hiyo. Diski ya milimita 160 inatosha. Ukiambiwa uchukue 203, muulize anayekuambia ni mlima gani wa Malindi anaokwenda kuushuka. Diski kubwa ina faida ya kupoza joto kwenye miteremko mirefu, na pia huiongezea foki mzigo ambao huenda haikukusudiwa kuubeba. Ukipenda 180, na foki yako ikaikubali, si vibaya.

Kalipa ichukue ya waya, si ile inayosukumwa na mafuta ndani ya mpira. Sababu yangu kubwa ni mikono ya breki. Seti yako ya mota bila shaka ilikuja na mikono yenye swichi ya kukata moto, yaani umeme wa mota, unapobana breki, na mikono hiyo kwa kawaida huvuta waya mrefu unaolingana na breki za V. Kalipa za waya za baiskeli za milimani hutumia mvuto uleule wa waya, kwa hiyo mkono mmoja utavuta diski ya mbele, wa pili utavuta V ya nyuma, na swichi zote mbili zitabaki zikifanya kazi. Angalia tu usiuziwe kalipa ya baiskeli za mashindano ya barabarani, ambayo hutaka mvuto mfupi.

Hizo swichi usizipuuze. Kihisi cha kanyagio huendelea kuisukuma mota kwa muda mfupi baada ya kuacha kukanyaga, na akselereta ya kidole ikiingia mchanga inaweza kuganda ikiwa wazi. Bila swichi unakuwa unafunga breki huku mota inakusukuma mgongoni. Iliwahi kunitokea kwenye uwanja wa mchanga, nashukuru ilikuwa mchanga.


MpwaniWaAmu:

Niko Amu, nafanya kazi na injini za mashua, na baiskeli yangu huitumia nikiwa bara tu. Napinga kidogo hapo kwenye kalipa ya mafuta. Waya ndani ya mfuko wake huota kutu kwa hewa ya bahari, unakuwa mzito, na mwenyewe hujui kwa sababu uzito huongezeka kidogo kidogo. Breki ya mafuta imefungwa, chumvi haiingii, na pistoni husogea zenyewe kadiri pedi zinavyoliwa. Ukichagua inayotumia mafuta ya madini, kama za Shimano, hata unyevu hauyasumbui. Yale ya DOT, kama ya breki za magari, ndiyo hunyonya maji kutoka hewani. Muhimu ni kutoyachanganya kamwe, kwa kuwa mafuta yasiyo yake huvimbisha raba za ndani.


FundiMaweni:

Ndugu yangu wa Amu, nakubali karibu yote. Lakini siku breki ya mafuta inapoingia hewa mtu akiwa Gede saa kumi na mbili jioni, ni nani atamtolea hewa? Waya ukikatika, duka lolote la spea za baiskeli linao. Tena kwa mikono ya mafuta atahitaji kubandika vihisi vya sumaku ili moto ukatike, na vile vilivyobandikwa kwa gundi vimeng'oka mara nyingi mbele ya macho yangu. Dawa ya kutu ya waya ni waya usioshika kutu, mfuko mzima usiokatwa katikati kutoka mkononi hadi kwenye kalipa, na grisi kidogo. Na baiskeli ioshwe kwa maji ya mfereji au ya mvua, si ya kisima. Visima vingi vya huku vina chumvi, mtu anaosha baiskeli kila Ijumaa akishangaa kwa nini inaota kutu.


KijanaWaNgala:

Samahani nikiuliza la pembeni: nimesikia mota yenyewe inaweza kufunga breki na kurudisha umeme kwenye betri. Kama ni hivyo, kwa nini tuhangaike na pedi?


MwalimuWaFizikia:

Si mota zote, kijana wangu. Mota ya habu iliyo ndogo na nyepesi kwa kawaida ina gia ndani pamoja na kibanio kinachoiachia gurudumu lizunguke huru, na gurudumu likizunguka huru mota haina la kurudisha. Ni ile kubwa nzito isiyo na gia ndiyo inayoweza, nayo pia inahitaji kontrola, kile kifaa kinachoiongoza mota, inayojua kazi hiyo. Hata hapo, betri ikiwa imejaa inaweza kukataa kupokea, na kadiri unavyokaribia kusimama nguvu ya breki hiyo hufifia. Inasaidia kupunguza ulaji wa pedi. Haichukui nafasi ya breki.

Na mwenye nayo akaze nati za ekseli mara kwa mara na afunge mkono wa chuma wa kuishika ekseli, kwa sababu mota inayosukuma mbele na kuvuta nyuma kwa zamu hulegeza nati haraka.


MkaaziWaMuyeye:

Wakuu, nimerudi baada ya majuma matatu na taarifa.

Nilifuata ushauri wa Fundi: gurudumu la mbele la habu ya matundu sita, diski ya 160, kalipa ya waya, waya usioshika kutu wenye mfuko mzima. Nyuma nimeacha breki ya V, lakini nimenunua raba mpya laini kidogo na kila Jumapili nazipekua kwa sindano. Kufunga kalipa kulichukua saa mbili kwa sababu masikio ya foki yalikuwa na rangi nene iliyoifanya ikae kombo. Niliikwangua rangi yote mpaka chuma kikaonekana, nikalegeza bolti mbili, nikabana mkono wa breki ili kalipa ijipange yenyewe juu ya diski, kisha nikakaza bolti zamu kwa zamu. Kalipa yangu husogeza pedi moja tu, ya nje. Ile ya ndani inasogezwa kwa kuzungusha kitufe, na nilipoiweka umbali wa unene wa karatasi hivi kutoka kwenye diski ndipo mkono ukaacha kuzama.

Siku mbili za kwanza nilisikitika, maana haikushika hata kama V ya zamani. Baadaye nilielewa kwamba pedi mpya hufundishwa kazi. Alfajiri nilikwenda kwenye barabara tupu karibu na uwanja wa ndege, nikaenda mwendo wa 25 na kufunga breki kwa nguvu mpaka karibu kusimama bila kuligandisha gurudumu, nikarudia mara ishirini. Kufikia ya kumi na mbili tayari nilihisi tofauti mkononi.

Juzi ilinyesha tena. Nilibana, na ilishika papo hapo. Kwa mbele sikuhisi ule utelezi wa sabuni hata kidogo. Nyuma bado unakuja, mzunguko mmoja au miwili, lakini sasa mbele ndiko kunakofanya kazi na nyuma ni msaidizi. Nimepunguza mwendo pia, Babu. Mvua ikinyesha sipiti 25.

Swali langu la mwisho ni hili: kila asubuhi mita kumi za kwanza diski inakwaruza, na nikiitazama ina wekundu wa kutu juu yake. Je, ndiyo ile chumvi ya fundi wa pili imeanza kula?


FundiMaweni:

Hiyo ni kutu ya usiku mmoja tu, juu juu. Diski nyingi ni chuma kisichoshika kutu upesi, lakini zile za bei nafuu hupata wekundu huo kwa umande wa bahari, na breki ya kwanza huufuta. Usiipake mafuta, tafadhali, hata mtu akikushauri. Kitu cha kupima ni unene: diski mpya kwa kawaida ni milimita 1.8, ikifika 1.5 ibadilishe. Pima palipo pembamba zaidi. Na pedi zikikaribia chuma chake, usisubiri zipige kelele.


KretiYaMambrui:

Fundi, kama diski mbele na V nyuma ndiyo bora kwa watu wa mizigo, nami nataka ya nyuma itolewe. Fremu yangu ina vishikizo vya breki za V, nimevihisi kwa kidole. Niilete lini?


FundiMaweni:

Lete Jumamosi baada ya adhuhuri. Kreti iache nyumbani, paka wa karakana wananitosha.